Mohamed Amin, Bingwa wa Kamera

Kisa changu kinaanzia kwetu Kibokoni, Mji wa Kale. Ami yangu ana kamera ya zamani ya filamu, pamoja na vichujio vitatu vya kioo: cha manjano, cha rangi ya chungwa na chekundu. Kichujio hufungwa mbele ya lenzi ili kizuie rangi fulani za mwanga zisipite. Katika picha nyeusi na nyeupe, cha manjano hupunguza buluu, basi anga hukolea kidogo na mawingu yakaonekana. Chekundu nacho hukaza kabisa. Tena hula mwanga, yataka uuongeze kiasi cha mara nane.

Mimi nikakipenda chekundu, manake ndicho chenye vituko. Nikapiga picha ya Ngome ya Yesu, kisha nikampiga bibi akiwa barazani. Picha zilipotoka, ngome ilikuwa kama inangojea tufani, na siku ile jua lilikuwa la utosi! Bibi naye alitoka mweupe, midomo imefifia kama mgonjwa. Akaitazama picha, akauliza huyu ni nani. Nilitahayari, sikujua pa kuuweka uso.

Ami hakunikaripia. Alinisimulia habari za mtu mmoja aliyefariki kabla sijazaliwa, nami nikaenda maktabani kutafuta zaidi.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka wa 1943. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Punjab. Jamaa hiyo ikahamia Dar es Salaam, na huko ndiko Amin, angali mtoto wa shule, alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie kuukuu. Ilikuwa duni, lakini hakungoja apate nzuri ndipo aanze. Mwaka wa 1963, hata miaka 21 hajafika, alianzisha kampuni yake, Camerapix.

Kazi hiyo haikuwa lelemama. Alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na mwaka wa 1966 akatiwa gerezani huko huko Unguja karibu mwezi mzima. Baadaye akahamia Nairobi. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi mjini, Amin alifika mbio, na picha zake zikaonekana ng'ambo.

Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Njaa ilikuwa imewakusanya watu kwa maelfu, wamelala chini katika baridi ya alfajiri. Hapakuwa na haja ya kupamba wala kutisha zaidi. Amin aliwaelekezea kamera, akawaonyesha walivyo. Picha zilitangazwa tarehe 23 Oktoba, na michango ikaanza kumiminika kutoka kila upande. Tarehe 13 Julai 1985 zikafanyika tamasha kubwa za Live Aid, London na Philadelphia, kuchangia wenye njaa.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai akafa palepale kazini, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wengi wangeacha. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia, akaishika kamera tena. Lakini ajali haina kinga. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege aliyopanda kutoka Addis ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa, akiwemo Amin na rafiki yake, mwandishi Brian Tetley. Amin alikuwa na miaka 53.

Sasa, wenzangu, sisemi vichujio ni haramu. Kuna filamu ya rangi iliyotengenezwa kwa mwanga wa taa. Ukiitumia juani bila kichujio cha rangi ya chungwa, kila kitu hutoka buluu. Hapo kichujio ndicho kinachorudisha ukweli. Na picha nyeusi na nyeupe ikipigwa bila kichujio, mara nyingi anga hutoka nyeupe, na mawingu uliyoyaona kwa macho yako hayaonekani vizuri. Kwa hivyo hoja si kioo, hoja ni nia ya anayekifunga. Mimi nilitaka kusifiwa tu, nikamsahau bibi yangu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba bibi akae tena barazani, jioni, jua limepoa. Lenzi niliiacha wazi. Makunyanzi yote yalitoka, na kovu la shavuni pia. Safari hii hakuuliza ni nani. Aliniagiza nikatafute fremu.