Tingatinga: Rangi ya Baiskeli Iliyofika Japani

Mafundi wa mabango wa Busia na Malaba hutumia rangi ya mafuta ya kopo, ile ile ipakwayo milango na baiskeli. Kwa rangi hiyo hiyo marehemu Edward Saidi Tingatinga alijipatia jina ambalo leo latajwa hata Japani.

Alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1932. Akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam akawa mtumishi wa bustani. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora ndege na wanyama juu ya hadibodi. Mkewe, Agatha Mataka, akiuza picha hizo Oyster Bay. Wazungu walinunua kwa shilingi chache kama kumbukumbu ya safari; sidhani walijua wamebeba nini.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mwizi anayetoroka. Akafa. Hakutimiza hata miaka mitano katika sanaa yake!

Nduguye, Simon Mpata, alihamia Nairobi na mtindo ule ule, na Wajapani wakaipa hoteli yao ya Maasai Mara jina lake. Huko Ise, Japani, jumba la sanaa ya Kimakonde limepata kuonyesha picha za Tingatinga kando ya vinyago. Mwenyewe hakufika huko.