Bwana Sakarani: Ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Mlevi

Ukipanda milima ya Usambara kutoka Mombo kwenda Lushoto, maeneo ya Soni utasikia watu wakitaja Sakarani. Wengi hulichukulia kuwa jina la mahali tu, kama Bumbuli au Mlalo. Lakini lilikuwa kwanza jina la mtu, ofisa wa jeshi la Wajerumani, na hakupewa na wazazi wake.

Wazazi walimwita Tom Prince. Alizaliwa mwaka 1866 mjini Port Louis, kisiwani Mauritius, baba yake akiwa raia wa Uingereza na mama yake Mjerumani. Prince kwa Kiingereza ni mwana wa mfalme, ingawa kwao hakukuwa na ufalme wowote. Alipelekwa Ujerumani kusoma, na katika chuo cha kijeshi cha Kassel alikaa darasa moja na kijana aitwaye Paul von Lettow-Vorbeck. Jina hilo lishike, msikilizaji, litarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Prince alikuwa tayari Afrika Mashariki, akiongoza askari weusi chini ya bendera ya Kijerumani. Askari hao na wapagazi wao walikuwa na desturi ya kumpa kila mzungu jina. Majina ya Kijerumani yalikuwa mzigo mdomoni, halafu jina la kubandika lilikuwezesha kumsema mkubwa naye yupo palepale anakusikiliza. Emil von Zelewski, kamanda wao, aliitwa Nyundo, na hatuhitaji kueleza kwa nini mtu huitwa hivyo. Nyundo huyo aliuawa na Wahehe pale Lugalo, Agosti 1891, na kikosi chake kikasagwa.

Prince yeye akaitwa Sakarani, yaani mlevi. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na katika mzizi huohuo ndimo lilimotoka sakarati, lile tulitumialo kwa mtu anayekata roho. Haishangazi kulikuta jeshini, maana askari wa kwanza wa Wajerumani wengi walikuwa Wasudani wenye kusema Kiarabu. Je, alikuwa mnywaji? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ulevi wake haukuwa wa chupa. Risasi zikilia alikimbilia mbele kama mtu aliyepoteza akili, wala hakujali nani anamfuata. Alilewa vita. Sisi tunaona jina hilo lilikuwa na makali pande zote mbili: anayetaka kusifu amesifu, na anayetaka kutukana naye ametukana, na hakuna wa kupigwa viboko.

Watu wa Tabora waliuona ulevi huo Januari 1893. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa amewashinda Wajerumani mara zaidi ya moja kwa sababu ya ngome yake imara. Prince alipofika na kuivunja, Isike aliona heri awashe baruti zake mwenyewe kuliko kukamatwa mzima. Mwaka uliofuata, Oktoba 30, 1894, Prince alikuwa mstari wa mbele ngome ya Kalenga ilipoangushwa. Mkwawa aliponyoka.

Na hapa inabidi tusimame kidogo, maana kuna jina lingine. Mkwawa ni ufupisho wa Mkwavinyika, kwa maana ya mtwaaji wa nchi nyingi. Basi yalikutana majina mawili, Mtwaaji wa nchi na Mlevi wa vita, wakawindana kwa miaka. Mwaka 1896 Prince alianzisha boma jipya ambalo ndilo mji wa Iringa wa leo, jina litokanalo na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Mwishoni mwa mwaka huo akamtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe. Haikupita hata miezi mitatu akamnyonga, kwa kumshuku kwamba anamsaidia ndugu yake kwa siri. Wanaomsimulia Sakarani kama shujaa wa kuchekesha hupita hapo haraka. Sisi hatuwezi. Vijiji vilichomwa, chakula kikaharibiwa ili Mkwawa akose pa kula, na watu wa kawaida ndio waliolala njaa.

Kichwa cha Mkwawa kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Julai 19, 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Iringa. Fuvu lilikaa Ujerumani hadi 1954, gavana wa Kiingereza Edward Twining alipolirudisha, na sasa liko katika makumbusho ya Kalenga.

Prince aliacha jeshi mwaka 1900. Yeye na mkewe Magdalene, aliyeishi naye Iringa na baadaye kuandika kitabu kuhusu maisha yao huko, wakahamia Usambara kufungua shamba. Na shamba lenyewe akaliita Sakarani! Jina la pembeni, la kunong'onezana kambini, mwenyewe akalipandisha juu ya mlango. Serikali ya Kaisari nayo ilimpa heshima ya kuitwa von Prince akiwa amevuka miaka 40. Mtu aliyeitwa mwana wa mfalme tangu kuzaliwa alisubiri muda wote huo kuhesabiwa miongoni mwa watukufu. Huku kwetu hakuna aliyeitumia hiyo von. Alibaki Bwana Sakarani.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Lettow-Vorbeck, mwenzake wa Kassel, ndiye aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Wajerumani hapa. Sakarani, miaka 48, akaacha shamba na kuchukua bunduki tena. Novemba mwaka huo Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu, lakini wakashinda, na nyuki wakali wa mizinga iliyotikiswa na risasi wakaingia katika hadithi za siku ile. Vita viliingia hadi katika mitaa ya mji, na huko, tarehe 4, Sakarani alipigwa risasi akafa, akipigana na jeshi la nchi ya baba yake.

Shamba la Soni lilikuja kuwa la wamisionari wa Kibenediktini, wanaojulikana huko kwa makadamia na divai. Ndiyo, divai, na jina halikubadilishwa.