Kinjikitile na Mipango ya Vijiji

Jina la Kinjikitile Ngwale lajulikana kwa kila aliyepita shuleni katika nchi yetu. Wengi humkumbuka kwa maji yake na kwa kitanzi alichovishwa huko Mohoro. Sisi twapenda kumkumbuka leo pamoja na jambo lisilosemwa sana, nalo ni mpango wa kilimo uliowafanya watu wamsikilize.

Kinjikitile alikaa Ngarambe, kusini ya mto Rufiji. Hakuwa akida wala askari. Yasimuliwa ya kwamba mwaka 1904 alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika maji ya mto, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Tangu siku hiyo watu walimiminika Ngarambe kutoka bonde la Rufiji, vilima vya Wamatumbi na nchi za mbali. Aliwafundisha ya kuwa wao ni watu wamoja ingawa makabila yao ni mbalimbali, akawapa dawa ya maji, na akawaamuru wangoje neno lake.

Kwa nini walimwendea mtu huyu? Mwaka 1902 Gavana von Götzen aliamuru kila jumbe afungue shamba la pamba, na watu wake walilime. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: fungu la wakulima, fungu la jumbe, na fungu la chombo cha wilaya kilichosimamia mradi. Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa kama ardhi yake yafaa pamba, wala kama kazi hiyo haitagongana na msimu wa mpunga na mahindi. Aliyechelewa alichapwa kiboko. Malipo yalipokuja yalikuwa haba mno, hata wengine walikataa kuyapokea. Kodi ya kibanda nayo, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilikuwa pale pale.

Neno la Kinjikitile lilikawia, na subira ya watu ikaisha. Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa mashina ya pamba, na vita vikaanza. Wajerumani walimkamata Kinjikitile, wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijaenea. Maji hayakuzuia risasi. Vita viliendelea hadi 1907, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wako wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa walifika kati ya 250,000 na 300,000. Baada ya hapo watawala wenyewe waliuacha mpango ule wa mashamba ya pamba.

Wakoloni wameondoka, na hatusemi kwamba halmashauri zetu zafanana nao. Sheria ya mwaka 1982 yaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti, na ile ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanakijiji haki ya kushiriki kuamua matumizi ya ardhi yake. Tangu mwaka 2002 vijiji vimefundishwa kupanga maendeleo yao kwa kutazama fursa na vikwazo walivyo navyo. Haya ni mambo mema.

Lakini mpango wa kijiji hauandikwi kwa maneno matupu. Wahitaji mpimaji, ramani, na mtaalamu wa kukaa na wazee hata mpaka wa shamba, wa malisho na wa mikoko ujulikane. Katika delta, huko Mbwera, Salale na Kiongoroni, mtaalamu huyo hana budi kupanda mashua na kungoja maji kujaa. Halmashauri isipotenga fedha ya safari hiyo, mpango utaandikwa mezani Kibiti au Utete, na wananchi watauona kwa mara ya kwanza siku ya kuutekeleza.

Kwa hiyo twawaomba madiwani wa Rufiji na Kibiti, wanapoketi kupitisha bajeti, waanze na fungu la vijiji kabla ya kufikiria mafungu mengine. Kisha mapato na matumizi yasomwe hadharani, ili aliyetoa ushuru wa samaki au wa ufuta ajue umekwenda wapi. Kinjikitile alipata wafuasi kwa sababu watu walitumikishwa katika mpango usio wao, na faida yake hawakuiona. Mwananchi wa leo asiachwe aone hivyo.