Zuberi Mtemvu: Alishindwa Kura, Hoja Yake Ikabaki

Wanachuo wenzangu, kila uchaguzi ukipita tunabishana hosteli mpaka usiku kuhusu nani kashinda. Mimi mtoto wa Handeni leo naomba tumwangalie aliyeshindwa. Ni Zuberi Mtemvu, aliyegombea na Mwalimu Nyerere urais wa kwanza wa Tanganyika mwaka 1962. Walikuwa wawili tu.

Mtemvu hakuanzia upinzani. Alikuwa mtendaji wa TANU tangu miaka ya mwanzo ya chama. Kilichomtoa ni kura tatu. Wakoloni waliitisha uchaguzi wa 1958 kwa sharti kwamba kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiruka mmoja, kura yake imeharibika. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, na mjadala ulikuwa mkali kwelikweli. Mwalimu aliona heri kuingia, maana kususa ni kuwaachia wengine viti. Mtemvu aliona huko ni kukubali mamilioni ya Waafrika wahesabiwe sawa na jamii mbili ndogo. Upande wa Mwalimu ukashinda. Mtemvu akatoka, akaanzisha African National Congress. Msimamo wake ulikuwa mfupi: Afrika ni ya Waafrika, na vyeo serikalini wapewe Waafrika upesi.

Ukiisikia sera hiyo unaweza kudhani kwetu ingewaka kama moto wa nyika. Korogwe ya wakati ule ilikuwa mkonge kila upande: mashamba ya wageni, na wakataji ni manamba walioletwa kutoka mbali. Handeni ilikuwa ya Wazigua wakulima wa mahindi, mvua ikikata ni njaa. Lakini mwaka 1958 wengi wa watu hao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Kulikuwa na masharti ya elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mkata mkonge azitoe wapi? Mwaka 1960 chama cha Mtemvu kiliambulia kura 337 nchi nzima, TANU ikachukua viti 70 kati ya 71.

Novemba 1962 mlango ukafunguliwa, mkulima wa Handeni na manamba wa Korogwe nao wakaingia kwenye hesabu. Matokeo: Nyerere 1,127,978, Mtemvu 21,276. Hazifiki hata kura 2 katika kila 100.

Je, wananchi waliikataa hoja yake? Mimi nasema hapana. Oktoba 1961, bungeni, walikuwa wabunge wa TANU wenyewe waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Ilibidi Mwalimu atishie kujiuzulu na serikali yake yote ndipo muswada ukapita. Januari 1962 akaacha uwaziri mkuu, na Rashidi Kawawa aliyempokea akaongeza kasi ya kuwapa Waafrika vyeo. Yaani hoja ya Mtemvu ilikuwa imeshahamia ndani ya TANU. Aliyeipenda hakuwa na sababu ya kukiacha chama kilicholeta uhuru.

Tunasoma kwamba Marekani Wazungu wa majimbo ya kusini walikuwa ngome ya chama cha Democratic kwa karibu miaka 100. Baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 wakaanza kuhamia Republican. Kule chama kilisogea, wapiga kura wakahama. Kwetu mpiga kura alikaa palepale, hoja ndiyo ikamfuata alipo.

Mwaka 1963 Mtemvu alirudi TANU na chama chake kikafa. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, mpiga kura akachagua kati ya jembe na nyumba, wote wawili wagombea wa TANU. Baadaye, Azimio la Arusha la 1967 lilipotaifisha mashamba mengi ya mkonge, hakukuwa na mtu nje ya chama wa kusimama Korogwe kuuliza kama maisha ya mkata mkonge yatabadilika. Ndipo ninapoona hasara. Si kwamba Mtemvu alikuwa sahihi. Mimi kwenye uraia nipo na Mwalimu mia kwa mia. Ila chama kinachochukua hoja ya mpinzani kisha kikamchukua na mpinzani mwenyewe, kinabaki bila wa kukiuliza.

Siku hizi mtu akihama chama tunacheka, tunasema kaenda kuunga mkono juhudi. Ni sawa kucheka. Lakini tumuulize pia: hoja yake kaiacha wapi, na nani kabaki kuisemea? Swali hilo linawahusu hata wagombea wetu wa serikali ya wanafunzi.