Mwalimu Nyerere: Hoja, Madaraka na Kusikiliza

Kila tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Sisi tunaosoma falsafa, maisha yake yanatuuliza swali: mwenye hoja nzuri akipata madaraka, ataendelea kusikiliza?

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943, akasoma Makerere na kufundisha Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, mji wa David Hume na Adam Smith, akasoma pia falsafa ya maadili. Aliporudi alifundisha Pugu, kisha mwaka 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya TANU. Uhuru aliudai kwa hoja, bila bunduki. Aliamini kwamba demokrasia ya Kiafrika ni wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kuhamia vijiji vya ujamaa kulikuwa hiari. Mwaka 1973 ikawa amri: kufikia mwisho wa 1976 wakulima wote nchini, wa Singida wakiwamo, wawe wanaishi vijijini. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji. Lakini sehemu nyingi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa, mashamba yakabaki mbali. Mkulima aliyeujua udongo wake mara nyingi hakuulizwa.

Horkheimer na Adorno, Wajerumani waliomkimbia Hitler, walikwisha kuonya kwamba akili inayotafuta tu njia ya kufikia lengo hugeuka chombo cha kutawala watu. Habermas, aliyewafuata, aliona tiba katika mazungumzo ambamo hoja hushinda cheo. Je, si ule mti wa wazee?

Mwalimu aliurudia mti huo. Aling'atuka urais mwaka 1985, na mwaka 1990 akahimiza mjadala wa vyama vingi. Tume ya Jaji Nyalali ilipokuta kwamba takribani asilimia 20 tu ya wananchi waliutaka mfumo huo, yeye aliunga mkono mabadiliko. Wachache nao walistahili kusikilizwa.

Alifariki mwaka 1999. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Tunapomwombea, tujichunguze nasi, mapadre watarajiwa na viongozi wa jumuiya: katika vikao vyetu, nani hajaulizwa?