Desmond Llewelyn, mzee wa vifaa aliyehudumia akina James Bond watano

Tangu mwaka 1962, filamu za James Bond, mpelelezi wa Uingereza, zimebadilisha mchezaji mkuu mara kadhaa. Sura inabadilika, sauti inabadilika, lakini jina linabaki lile lile na namba 007 inabaki ile ile. Kwa miaka 36, mtu mmoja alisaidia watazamaji kukubali kwamba Bond mpya ndiye yule wa zamani. Ni Desmond Llewelyn, aliyecheza nafasi ya Q, mzee anayetengeneza silaha na vifaa vya siri. Alionekana katika filamu 17. Hakuna Bond yeyote aliyefikia hata nusu ya hesabu hiyo.

Llewelyn alizaliwa tarehe 12 mwezi wa tisa 1914, kusini mwa Wales. Baba yake alikuwa injinia katika machimbo ya makaa ya mawe. Katika miaka ya 1930, kijana huyo aliingia RADA, chuo kikubwa cha maigizo cha London. Kazi yake ilikuwa bado changa wakati vita vya pili vya dunia vilipozuka. Akawa afisa wa jeshi, akatumwa Ufaransa, na mwaka 1940 Wajerumani wakamkamata. Alikaa mateka miaka mitano. Aliingia kambini akiwa na miaka 25, akatoka akiwa na miaka 30.

Kisha vita, alipata nafasi ndogo ndogo tu. Mwaka 1950, Terence Young alimpa nafasi ya askari wa kifaru katika filamu « They Were Not Divided ». Miaka 13 baadaye, Young alikuwa akitayarisha filamu ya pili ya Bond, « From Russia with Love ». Peter Burton, aliyecheza mtu wa silaha katika filamu ya kwanza, hakupatikana. Young akamkumbuka Llewelyn. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache: kumfungulia Sean Connery mkoba wa ngozi na kumwonyesha kisu, risasi na sarafu za zahabu zilizofichwa ndani.

Mwaka 1964, katika « Goldfinger », mwongozaji alikuwa Guy Hamilton. Llewelyn alianza kumpokea Bond kwa heshima, kama vile mfanyakazi anavyompokea mkubwa wake. Hamilton akamkataza. Alimweleza kwamba Bond hajawahi kurudisha kifaa kikiwa kizima, kwa hiyo Q ana haki ya kumkasirikia. Hapo ndipo Q alipozaliwa kweli: mzee anayegombeza kijana mharibifu, huku moyoni anampenda.

Ugomvi huo ndio ulioshona filamu hizo pamoja. Mwaka 1969 Connery alikuwa ameondoka, na George Lazenby wa Australia akachukua nafasi yake. Katika filamu hiyo Bond anaoa, Q anahuzuria arusi, na bibi arusi anauawa siku ile ile. Mwaka 1971 Connery alirudi kwa filamu moja. Mwaka 1973 Roger Moore alianza, lakini Q hakuwemo. Watazamaji wakamuulizia, na mwaka uliofuata akarudishwa.

Mwaka 1981, « For Your Eyes Only » inaanza na Moore akiweka maua juu ya kaburi la mwanamke yule aliyeolewa na Bond wa Lazenby. Kwa tendo hilo, filamu yenyewe inasema kwamba mjane wa 1969 ndiye huyu huyu. Lakini kaburi linaonekana dakika moja tu. Q alirudi karibu kila mara, na kila Bond mpya alipoingia katika karakana yake, mzee alimgombeza kama mtu anayemfahamu tangu zamani. Mtazamaji akaamini.

Timothy Dalton alipochukua nafasi mwaka 1987, mambo yalikwenda vile vile. Katika « Licence to Kill » ya 1989, Bond ananyanganywa kibali chake cha kazi. Q anaomba likizo na kumfuata mbali, akibeba vifaa ndani ya sanduku. Ni moja ya nafasi kubwa zaidi alizopata Llewelyn.

Kisha kesi mahakamani zilichangia kusimamisha filamu hizo kwa miaka sita. Mwaka 1995 Pierce Brosnan alipoanza, mkuu wa upelelezi alikuwa mpya, sekretari wake pia mpya. Kati ya nyuso za zamani za ofisi ile, ilibaki ya Llewelyn peke yake.

Hakutajirika kwa kazi hiyo. Alilipwa kwa siku chache za kazi katika kila filamu. Nyumbani hakuwa mtu wa mashini hata kidogo, na maneno ya kiufundi ya Q yalimpa shida kuyashika kichwani.

« The World Is Not Enough » ilitoka mwezi wa kumi na moja 1999. Ndani yake, Q anamtambulisha atakayemrithi, anampa Bond shauri la mwisho, kisha anashuka polepole chini ya sakafu. Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, Llewelyn alifariki katika ajali ya gari kusini mwa Uingereza, akitoka kutia sahihi vitabu. Alikuwa na miaka 85.

John Cleese alimrithi katika filamu moja, ya mwaka 2002. Mwaka 2006, na Daniel Craig, hadisi ilianzishwa upya kutoka sifuri, na filamu mbili zikapita bila Q. Alirudi mwaka 2012 katika « Skyfall ». Safari hii Q ni Ben Whishaw, kijana kuliko Bond mwenyewe. Anamkabizi bastola na redio ndogo, kisha anamwomba avirudishe vikiwa vizima. Lilikuwa lombi lile lile la mzee Llewelyn.