Dostoevsky: Injinia wa Jeshi Aliyesare Kazi na CV Tupu

Uko na miaka 22. Umemaliza chuo cha mainjinia wa jeshi, umepewa cheo, mshahara unaingia, na ukipita barabarani wanajeshi wadogo wanakupigia saluti. Halafu siku moja unaandika barua ya kuacha kazi, na hakuna kazi nyingine inakungoja mahali popote.

Kuna msee alifanya hivyo Urusi mwaka wa 1844. Anaitwa Fyodor Dostoevsky, yule yule wa Crime and Punishment. Wengi tunamjua akiwa na ndevu ndefu na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Hii stori ni ya kabla ya ndevu.

Mzae wake alikuwa daktari kwa hospitali ya maskini pale Moscow, na familia iliishi hapo hapo kwa kiwanja cha hospitali. Mathe akafa 1837, kifua kikuu. Fyodor alikuwa mtoto wa vitabu, lakini mzae alikuwa amepiga hesabu zake: injinia wa jeshi halali njaa. Hiyo hesabu unaijua, hata kwenu iliwahi kupigwa. Mwaka huo huo akawapeleka Fyodor na bro wake Mikhail hadi St. Petersburg wajiandae kwa mtihani wa kuingia chuo. Mikhail akakataliwa kwa sababu ya afya. Fyodor akaingia Januari 1838.

Chuo chenyewe kilikuwa ndani ya kasri kubwa ambamo Tsar Paul aliuawa usiku mwaka wa 1801. Mchana ni kwata, aljebra na kuchora ngome. Usiku, wenzake wakilala, yeye anakaa karibu na dirisha akisoma na kuandika. Mwaka wa kwanza akarudishwa darasa. Na kilichomuuma zaidi ni doo. Wenzake wengi walikuwa watoto wa mababi, kwa hivyo akawa anamwandikia mzae barua za kuomba pesa za chai, za viatu na za sanduku la kuwekea vitabu, vitu ambavyo serikali haikumnyima kabisa, ila hakutaka kuonekana ndiye amesota pekee kambini. Mzae akafa 1839. Hakuona kijana wake akimaliza.

1843 akamaliza na kutupwa kwa ofisi ya michoro ya idara ya uinjinia, Petersburg. Kuna hadithi imezunguka miaka mingi ati alichora ngome bila lango, na Tsar Nicholas I akaandika tusi juu ya karatasi. Tamu sana, lakini iweke kwa kapu la udaku. Kitu kiko wazi ni kwamba kazi ilimboesha hadi kwa mifupa. Mshahara ulikuwa unaingia, mgao kutoka shamba la familia pia, na bado kila mwezi alikuwa na madeni. Angekuwa Nairobi leo, Fuliza ingekuwa inammeza siku ile ile mshahara unaingia.

Krismasi hiyo akajifungia kwa keja akatafsiri riwaya ya Balzac, Eugénie Grandet, kutoka Kifaransa hadi Kirusi. Ikachapishwa kwa jarida katikati ya 1844. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kuchapishwa, na haikuwa hata stori yake.

Halafu akasikia anapangiwa kuhamishwa mbali na Petersburg. Hapo ndipo akatoa barua. Jamaa wa nyumbani wakawaka, haswa shemeji yake Karepin, ambaye ndiye alikuwa anasimamia mali ya marehemu mzae. Fyodor akamwambia yuko tayari kuachilia haki yake yote ya urithi akipewa rubo 1,000 pekee: 500 sasa hivi, na zingine zije polepole kila mwezi. Soma hiyo tena. Urithi wote, kwa doo ya kulipa madeni na kukula miezi michache. Kwa barua kwa bro wake alilia kwamba akivua sare hana hata pesa ya nguo za raia. Oktoba 1844 akaachiliwa na cheo cha luteni.

Sasa jaribu kuandika CV yake ya siku hiyo. Elimu: chuo cha mainjinia wa jeshi, darasa moja amerudia. Uzoefu: karibu mwaka mmoja wa kuchora kwa ofisi. Ujuzi mwingine: ametafsiri kitabu kimoja cha mtu mwingine. Marejeo: shemeji aliyekasirika. Ungempea kazi? Mimi singempea.

Ila kuna mstari CV haingeonyesha. Alikuwa anaishi nyumba moja na Grigorovich, beshte kutoka chuo kile kile ambaye naye alihepa uinjinia akaingia uandishi. Mei 1845 Fyodor akamaliza Poor Folk, stori ya karani mzee fukara na msichana jirani wanaoandikiana barua. Grigorovich akaubeba mswada hadi kwa Nekrasov, mshairi aliyekuwa anakusanya kazi za kuchapisha. Wawili hao walisoma usiku kucha, na saa kumi alfajiri wakaenda kumgongea mlango. Wakati huo wa mwaka usiku wa Petersburg hauna giza kamili, kwa hivyo fikiria machozi, kelele na mwanga wa kijivu dirishani. Kitabu kikatoka mwanzo wa 1846 na jina likalipuka. Wiki chache baadaye kitabu cha pili kikapigwa vibaya na wahakiki, na wale wale waliomshangilia wakaanza kumcheka. Twitter ilikuwepo, ilikosa tu intaneti.

Aprili 1849 makarao wakamchukua usiku. Kosa: kukaa na kundi la Petrashevsky lililosoma na kujadili maandishi yaliyopigwa marufuku. Desemba wakapelekwa uwanjani kupigwa risasi. Watatu wa kwanza wakafungwa kwa vigingi, Fyodor akiwa kwa kundi linalofuata. Bunduki zikainuliwa, kisha ikasomwa amri ya Tsar: hakuna kufa, mnaenda Siberia. Ilikuwa imepangwa hivyo tangu mwanzo. Akala miaka 4 ya kazi ngumu jela ya Omsk, pingu miguuni, akichoma mawe ya alabasta, akifagia theluji na kubomoa mashua nzee mtoni. Alipotoka 1854 akatupwa Semipalatinsk, siku hizi ni Kazakhstan, kama mwanajeshi wa cheo cha chini kabisa. Yule aliyevua sare akavalishwa tena kwa lazima. Na hakuruhusiwa kuchapisha kitu.

Na hapa ndipo akaandika barua ya maombi kali kuliko zote za maisha yake. Machi 1856 alimwandikia Jenerali Totleben. Huyo alikuwa staa wa Urusi nzima wakati huo, injinia aliyejenga ngome za kulinda Sevastopol kwa vita vya Crimea. Kwa nini yeye? Kwa sababu mdogo wake, Adolf, alikuwa beshte wa Fyodor chuoni. Chuo alichokichukia, hao wasee wa aljebra, ndio sasa walikuwa mlango wake pekee. Rafiki yake Wrangel, ambaye tayari alikuwa Petersburg, akamfikishia Totleben barua hiyo kwa mkono.

Hakuficha chochote. Alikubali kwamba alihukumiwa kwa kosa, akaeleza jela na ugonjwa, kisha akaomba mambo mawili: atolewe jeshini, na aruhusiwe kuchapisha. Fikiria unaandika hivyo kwa mtu mkubwa ambaye anaweza kuitupa kwa pipa bila kufungua. Totleben hakuitupa. Aliongea kwa niaba yake huko juu, na Oktoba 1856 Fyodor akarudishiwa cheo cha afisa. Kuachiliwa kabisa kulichukua hadi 1859. Mwisho wa mwaka huo akarudi Petersburg, miaka 10 tangu abebwe na pingu.

Vile vitabu unavyovisikia vyote ni vya baadaye. Kile cha maisha ya jela kilikuja mwanzo wa miaka ya 1860. Crime and Punishment, ambayo mhusika wake Raskolnikov ni mwanafunzi aliyeacha chuo (salamu zetu kwa Raskolnikov, bila shoka), ilitoka 1866. Aliendelea hadi 1880, akafa mwanzo wa 1881.

Madaftari yake bado yako. Kati ya mistari ya riwaya, pembeni na katikati ya karatasi, amechora nyuso, na madirisha marefu yenye ncha, na matao ya majengo, moja baada ya lingine, kwa mkono ulionyooka wa mtu aliyefundishwa kuchora ngome.